Nafasi Zilizoachwa Wazi: Rasimu za Mchezo wa Pocket Monsters kwa Jicho la Mhakiki wa Miswada



1.0 Utangulizi

Nilipoalikwa kutoa mhadhara huu, nadhani walionialika walitarajia nizungumzie ngeli, au lahaja za kaskazini, au miswada ya tenzi ambayo imenishughulisha kwa zaidi ya miaka thelathini. Mambo hayo nitayagusa, lakini nitayafikia kwa njia ya mzunguko, na njia yenyewe inapita katika mchezo wa watoto. Nawaomba radhi wale watakaoona kwamba mzee amepotoka.

Chanzo ni mjukuu wangu. Siku moja wakati wa likizo alinijia na karatasi mbili alizochapa, kila moja ikiwa na orodha ya majina yale yale, ila mpangilio ni tofauti. Akaniuliza, “Babu, mbona aliye namba moja hapa ni wa mia na hamsini na tatu kule?” Majina yenyewe sikuyajua hata moja. Hata hivyo swali lake nililijua vizuri mno, kwa kuwa ndilo swali analoanza nalo kila mtu anayekabidhiwa nakala mbili za utenzi mmoja: kwa nini ubeti wa kwanza wa nakala hii ni wa arobaini katika nakala ile, na ni ipi kati ya hizo mbili iliyo karibu zaidi na mkono wa mtunzi?

Katika mhadhara huu nakusudia kueleza namna mchezo mmoja ulivyotungwa, nini kilichoachwa ndani yake bila kutumika, na masalia hayo yanatufundisha nini sisi tunaosoma maandishi ya kale. Nitaeleza pia pale ambapo masalia hayo yanaweza kutudanganya, kwa kuwa mimi mwenyewe nimewahi kudanganywa na kitu cha namna hiyo hiyo, nikakichapisha.

2.0 Mchezo wenyewe

Mchezo ninaouzungumzia ni Pocket Monsters, yaani Mazimwi ya Mfukoni, ambao nje ya Japani unajulikana kwa jina la mkato la Pokémon. Ulitolewa Japani tarehe 27 Februari 1996 kwa matoleo mawili, Jekundu na la Kijani, ili uchezwe katika Game Boy, mashine ndogo ya mkononi ya kampuni ya Nintendo. Watungaji wake ni Game Freak, kundi lililoanza mwaka 1983 kama jarida la wapenzi wa michezo ya video, kisha likawa kampuni mwaka 1989. Kiongozi wao, Satoshi Tajiri, alikulia pembezoni mwa Tokyo, na utotoni alipenda kukusanya wadudu. Alishuhudia mabwawa na vichaka alikowatafuta vikimezwa na majengo. Alipoona waya unaounganisha Game Boy mbili, aliwaza wadudu wakitambaa juu yake kutoka mashine hadi mashine. Huo ndio moyo wa mchezo: mchezaji hukamata viumbe, huwafuga, huwapiganisha, na hubadilishana na mwenzake, kwa kuwa kila toleo limenyimwa baadhi ya viumbe walio katika toleo la pili.

Kazi ilichukua takriban miaka sita. Jina la kwanza lilikuwa Capsule Monsters, likaachwa kwa sababu ya matatizo ya haki za majina ya biashara. Toleo la Kiingereza, Jekundu na la Buluu, lilifika Marekani mwezi Septemba 1998.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo hapana budi tulielewe. Kaseti ya Kijapani ya mchezo huo ilikuwa na nafasi ya kilobaiti 512 tu. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya leo haienei humo. Katika nafasi hiyo finyu watungaji walitia ulimwengu mzima: miji, njia, mapango, muziki, mazungumzo, na viumbe 151, kila mmoja na picha yake, mlio wake na nguvu zake. Msikilizaji atauliza: ikiwa nafasi ilikuwa adimu kiasi hicho, kwa nini waliacha humo vitu visivyotumika?

Jibu ni kwamba kufuta kuna gharama kuliko kuacha. Ndani ya programu kiumbe hajulikani kwa jina bali kwa nambari. Nambari hiyo ndiyo inayotajwa katika jedwali la picha, la milio, la nguvu, la mahali anapopatikana, na kadhalika. Ukimwondoa wa 31 na kuwasogeza wote waliomfuata, wa 32 atakuwa wa 31, na kila mahali palipomtaja kwa nambari yake ya zamani patamtaja mwingine. Mtungaji mwenye busara hamsogezi mtu. Humwondoa aliyekataliwa, na kiti chake hukiacha kitupu.

Sisi wanaisimu tusishangae, kwa maana tunaishi na viti vitupu vya namna hiyo kila siku. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akifundishwa ngeli za Kiswahili kwa nambari, hufika ngeli ya 11, kisha huambiwa aruke hadi 14 au 15. Wa 12 na wa 13 wako wapi? Nambari hizo zilipangwa na akina Bleek na Meinhof kwa ajili ya lugha za Kibantu kwa ujumla, na ngeli ya 12 na ya 13 ni zile za udogo, ka- na tu-, ambazo Kiswahili sanifu hakikuzichukua. Tungeweza kuzihesabu ngeli zetu upya bila mapengo, na wapo waliojaribu. Lakini siku tutakapofanya hivyo, ngeli yetu ya 15 haitakuwa tena ya 15 ya Wazulu na Waganda, na majedwali yetu yote ya ulinganishi yatavurugika. Kwa hiyo tumeviacha viti vitupu. Na mtu akienda Kenya bara akasikia watu wakisema katoto na tutoto, hugundua kwamba wenye viti hawakwenda mbali.

3.0 Orodha mbili

Sasa turudi kwenye karatasi za mjukuu wangu. Orodha ya kwanza ni ile anayoiona mchezaji. Inaanza na Bulbasaur, nambari 1. Pikachu, ambaye ndiye maarufu kuliko wote, ni nambari 25. Mew ni nambari 151. Ni orodha nadhifu. Anayekua na kugeuka umbo huwekwa baada ya umbo lake la utoto: Bulbasaur 1, Ivysaur 2, Venusaur 3. Ni mpangilio wa kamusi, uliotengenezwa kwa ajili ya mtumiaji.

Orodha ya pili ni ya ndani, ambayo mchezaji haioni. Ilijulikana baada ya wapenzi wa mchezo kuisoma kaseti baiti kwa baiti. Nambari 1 humo ni Rhydon, kiumbe mfano wa kifaru asimamaye kwa miguu miwili. Wa 2 ni Kangaskhan, wa 3 ni Nidoran dume, wa 4 ni Clefairy. Pikachu ni wa 84. Bulbasaur, yule wa kwanza kwa umma, ni wa 153.

Mtu anaweza kudhani kwamba orodha hii ya pili imevurugika tu. La hasha. Ken Sugimori, mchoraji mkuu wa viumbe hao, ameeleza kwamba Rhydon ndiye aliyebuniwa kwanza. Kwa hiyo orodha ya ndani, kwa sehemu kubwa, ni daftari la ghala: kila aliyeingia aliandikwa chini ya aliyemtangulia. Orodha ya nje inatuonyesha jinsi watungaji walivyotaka ulimwengu wao uonekane. Ile ya ndani inaonyesha jinsi ulivyowajia vichwani. Kwa mhakiki wa miswada huu ni utajiri ambao mara nyingi hatuupati. Tenzi zetu nyingi zimetufikia zikiwa orodha ya nje tu, zimeshanakiliwa na kusafishwa mara kadhaa, na daftari la mtunzi limekwisha kuliwa na mchwa.

Tazameni kinachoonekana tukizilinganisha. Ivysaur, umbo la ujana, ni wa 9 katika orodha ya ndani. Bulbasaur, utoto wake, ni wa 153. Na Venusaur, utu uzima wake, ni wa 154. Slowbro ni wa 8, ilhali Slowpoke anayekua na kuwa Slowbro ni wa 37. Rhydon ni wa 1, na utoto wake, Rhyhorn, ni wa 18. Blastoise ni wa 28, na mtoto wake wa kimchezo, Squirtle, ni wa 177. Katika hadithi ya mchezo mtoto humtangulia mkubwa. Katika historia ya utungaji, mara kwa mara mkubwa alizaliwa kwanza, na mtoto akaundwa baadaye kwa kumpunguza.

Hapa wanafunzi wangu wa mofolojia watatabasamu, kwa kuwa wanalijua jambo hili kwa jina la uundaji kinyume. Gari lilipofika pwani yetu lilikuwa na kile ambacho Waingereza walikiita kwa neno lililotufikia likiwa madigadi. Sikio la Mswahili likasikia ma-, likaamua kwamba hiyo ni wingi, na likajizalia umoja wake: digadi. Mtu akifungua kamusi ataona digadi kwanza, kisha wingi wake, kana kwamba umoja ndio mama. Kwa mpangilio wa kamusi ni sawa. Kwa historia, wingi ndio uliomzaa umoja. Kamusi haidanganyi, ila haisemi, maana si kazi yake kusema. Ili kuujua mfuatano wa kweli sharti upate orodha nyingine.

4.0 Viti vitupu 39

Orodha ya ndani ina nafasi 190. Viumbe waliotumika ni 151. Zimebaki nafasi 39, zilizotawanyika katikati ya nyingine: ya 31 na ya 32 zimefuatana, kisha ya 50, na kuendelea hivyo. Katika toleo la Kijapani zimepewa jina la Ketsuban, yaani nambari inayokosekana. Katika la Kiingereza zinaitwa MissingNo. Picha hazina. Lakini baadhi zimebaki na milio. Yaani kiumbe alifutwa mwili, jina na nguvu, ila sauti yake haikufutwa, kwa kuwa jedwali la milio lilikuwa mahali pengine na hakuna aliyejali kwenda huko. Nakiri kwamba niliposikilizishwa mlio mmojawapo, mtu mzima mimi, nilinyamaza kwa muda.

Jinsi wachezaji wa toleo la Kiingereza walivyozifikia nafasi hizo bila vifaa vyovyote ni somo la semiotiki ambalo ningependa lifundishwe katika kozi zetu. Katika mji mmoja wa mchezo, Viridian, yupo mzee anayejitolea kumwonyesha mchezaji jinsi ya kukamata kiumbe. Wakati wa onyesho hilo jina la mzee huwekwa kwa muda mahali pa jina la mchezaji, na jina la mchezaji hutafutiwa stoo. Stoo iliyochaguliwa ni mahali ambapo kwa kawaida huandikwa viumbe wa porini wanaopatikana katika sehemu alipo mchezaji. Haikuonekana kuwa na hatari, kwa kuwa akiingia tu sehemu nyingine yenye nyasi, orodha ya viumbe wa hapo huandikwa juu yake. Lakini ufuo wa mashariki wa kisiwa cha Cinnabar una kasoro: viumbe hutokea hapo, ila sehemu hiyo haina orodha yake ya kuandika juu ya ile ya zamani. Mchezaji akitoka kwa mzee na kuruka moja kwa moja hadi huko, kisha akaogelea kandokando ya ufuo, programu huenda stoo kutafuta viumbe na kukuta jina la mtu. Na kwa kuwa haijui kwamba ni jina, hulisoma kama viumbe.

Tuchukue mfano. Mchezaji amejiita JUMA. Ndani ya mashine hakuna herufi, zipo nambari tu. Herufi kubwa A ni 128, B ni 129, na kadhalika. Kwa hiyo U ni 148 na M ni 140. Herufi ya pili ya jina husomwa kama kiwango cha nguvu, ya tatu kama aina ya kiumbe, ya nne kama kiwango tena, na ya tano kama aina. Basi Juma wetu akiogelea pale, herufi yake ya tatu, M, huenda katika orodha ya ndani na kufungua nafasi ya 140, ambayo ni mojawapo ya zile 39. Hutokea MissingNo., kipande cha picha kilichokatikakatika mfano wa herufi L iliyopinduliwa, chenye kiwango cha 148, ilhali kwa sheria za mchezo hakuna kiumbe anayezidi 100. Kwa muujiza wa ziada, idadi ya kitu cha sita katika mfuko wa mchezaji huongezeka kwa 128. Kwa sababu hiyo ya mwisho watoto wa Marekani walikwenda Cinnabar kwa makundi, wala si kwa kupenda filolojia.

Angekuwa na A katika nafasi ya tatu, angekutana na Golduck, kwa kuwa huyo ndiye wa 128. Nambari ni ile ile. Ikiingia kwa mlango wa jina ni A, ikiingia kwa mlango wa kiwango ni 128, ikiingia kwa mlango wa aina ni Golduck. Tumekuwa tukiwafundisha wanafunzi kwamba ishara haina maana nje ya mfumo wake, nao wamekuwa wakiandika hivyo katika mitihani bila kuamini. Huu hapa ushahidi unaoweza kushikwa mkononi. Nami naongeza kwamba msomaji wa miswada ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu hufanya kazi ya ile programu kila siku: umbo moja la herufi, bila nukta wala irabu, linaweza kusomeka kwa namna mbili au tatu, na usomaji unategemea mtu ameingia kwa mlango upi. Aliyeingia akitarajia Kimvita ataona neno la Kimvita.

5.0 Mew, au hatari ya kuamini mpangilio

Hadi hapa huenda nimewashawishi kwamba orodha ya ndani ni daftari la tarehe. Sasa nalazimika kuwaharibia.

Katika nafasi ya 21 ya orodha hiyo yumo Mew. Kwa hoja niliyoijenga, Mew angekuwa mmoja wa viumbe wa mwanzo kabisa, mwenzake Lapras wa 19 na Arcanine wa 20. Lakini tunajua kwa ushuhuda wa watungaji wenyewe kwamba Mew alitiwa mwishoni. Zana za kukagua makosa zilipoondolewa katika programu, kazi ikiwa imekwisha, zilibaki takriban baiti 300. Mwandishi programu Shigeki Morimoto akamchomeka Mew humo, wakati ambapo kwa utaratibu hakuna aliyetakiwa kugusa chochote tena. Alifanya hivyo kama mzaha wa ndani ya kundi.

Kwa hiyo mtu wa mwisho amekaa katika kiti cha ishirini na moja. Kiti ni cha zamani. Aliyekikalia ni mgeni.

Je, tungelijua hili bila kuambiwa? Naam, na hapa ndipo filolojia inapojipatia heshima yake. Katika kaseti ile nguvu za viumbe 150 zimepangwa katika jedwali moja, kwa kufuata orodha ya nje. Za Mew hazimo. Ziko peke yake mahali pengine kabisa, na katika programu kuna sentensi mahsusi inayosema: ikiwa anayetafutwa ni Mew, usiende kwenye jedwali, nenda kule. Mtu aliyekuwamo tangu mwanzo haandikiwi sharti la pekee. Mpangilio wa majina ulitudanganya, mshono ukasema kweli.

Wala haitoshi kusema kwamba Mew ni wa mwisho, tukaishia hapo. Katika jumba lililoungua la kisiwa cha Cinnabar zimo kurasa za shajara zinazosimulia kwamba Mew alipatikana katika msitu wa Amerika ya Kusini, na kwamba alizaa kiumbe aliyeitwa Mewtwo. Jina na hadithi vilikuwamo katika matini. Kilichochelewa ni mwili. Tofauti hiyo kati ya umri wa wazo, umri wa nafasi na umri wa maandishi ni tofauti ambayo nimeshindwa kuizingatia mimi mwenyewe, na nataka nilieleze jambo hilo hadharani.

Miaka mingi iliyopita nilihariri utenzi mmoja wa kaskazini ambao ulikuwa haujachapishwa. Nilifanya kazi kwa kutumia picha za mswada, tena picha zisizo na rangi. Katikati ya utenzi mlikuwa na beti saba zenye maudhui tofauti kidogo. Nikaandika makala nikidai kwamba beti hizo ni sehemu ya msingi ya utenzi, na hoja yangu kuu ilikuwa kwamba zimo katikati, wala mfuatano wa kurasa haukuvunjika. Makala ilipokelewa vizuri, ikanukuliwa, na wapo walioitumia kujenga hoja kuhusu itikadi ya mtunzi. Miaka kumi baadaye mwanafunzi wangu wa uzamili alipata nafasi ya kuuona mswada wenyewe. Akaniandikia barua fupi na ya adabu. Wino wa beti zile saba, alisema, ni mwingine. Hati imebanwa mistari ya mwisho ili ienee. Mnakili wa kwanza aliacha pengo, yamkini kwa kuwa nakala aliyoinakili ilikuwa imechanika, na mtu mwingine akalijaza baadaye kwa maneno yake.

Mwanafunzi yule aliliandika katika tasnifu yake, ambayo wachache wameisoma. Makala yangu bado inanukuliwa. Sijawahi kuisahihisha kwa maandishi, kwa uvivu ambao niliuita shughuli nyingi. Kwa kuwa mhadhara huu utachapishwa, naisahihisha hapa: beti zile saba si za mtunzi, na yaliyojengwa juu yake yabomolewe.

6.0 Rasimu ni za nani?

Nimezungumzia masalia yaliyobaki ndani ya kazi iliyouzwa. Yapo ya namna nyingine. Ndani ya kaseti hiyo hiyo mna vikosi vitatu vya Profesa Oak, yule mzee anayemkabidhi mchezaji kiumbe wake wa kwanza. Vimekamilika, kiwango cha 66 hadi 70, tayari kwa pambano ambalo halitokei popote katika hadithi. Hivyo navyo ni halali ya msomaji, kwa maoni yangu. Aliyekuuzia kitabu amekuuzia na kurasa zilizogandana.

Mambo hubadilika tukifika kwenye mchezo uliofuata. Mwezi Novemba 1997, katika maonyesho ya Space World huko Japani, wageni waliruhusiwa kuonja toleo la majaribio la Pocket Monsters la Dhahabu na la Fedha. Mchezo wenyewe haukutoka hadi Novemba 1999, ukiwa umebadilika mno. Toleo lile la maonyesho likawekwa hadharani mwishoni mwa Mei 2018, na ndani yake wakapatikana viumbe wengi ambao hawakuwahi kuuzwa. Kati ya watatu ambao mchezaji huchagua mmoja wao mwanzoni, ni yule wa majani tu aliyefika salama mwaka 1999. Dubu mdogo wa moto, Honoguma, na mwenzake wa majini, Kurusu, walitupwa. Ramani nayo ilikuwa imekusudiwa kuifuata Japani nzima, kabla ya kupunguzwa.

Halafu zipo zilizoibwa. Mwaka 2020 nyaraka nyingi za ndani za Nintendo zilivuja, na mwezi Oktoba 2024 Game Freak walikiri kwamba mitambo yao ilikuwa imeingiliwa mwezi Agosti mwaka huo. Pamoja na michoro na rasimu zilitoka taarifa binafsi za watumishi, zaidi ya 2,600. Wapo wapenzi wa mchezo waliofurahia michoro bila kuuliza majina ya nani yametoka pamoja nayo. Mimi siwezi kufurahi pamoja nao. Mtungaji anayo haki ya kuandika kitu kibaya, akakitazama, akakitia kapuni, na asikutane nacho tena mitaani.

Nikishasema hivyo, namkumbuka Muyaka bin Haji, na uhakika wangu unapungua. Muyaka alifariki mwaka 1840. Mashairi yake mengi tunayo kwa sababu Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor waliyakusanya huko Mombasa miongo kadhaa baadaye, na Hichens akayachapisha mwaka 1940. Muyaka hakuulizwa. Hatujui ni yapi aliyoyapenda na ni yapi aliyoyatamka kwa hasira ya jioni moja na kutamani yasahauliwe. Wakusanyaji wangengoja ruhusa yake tusingekuwa na Muyaka. Sina kanuni ya kuwapa inayotenganisha mambo haya mawili kwa msumeno. Ninachoona ni kwamba Sikujua aliwajua watu wa mji ule na watu walimjua, na kazi aliifanya mchana.

7.0 Za kwetu

Watu wa fani yangu walikuwa na kaseti yao wenyewe. Ilikuwa sanduku la kadi. Kabla ya kompyuta, kila neno lililopendekezwa kuingia katika kamusi liliandikwa katika kadi yake: maana, mfano wa matumizi, mahali liliposikika, na mara nyingi mabishano pembeni kwa kalamu nyekundu. Neno lililokubaliwa likaingia katika kamusi. Lililokataliwa likabaki katika kadi, na sababu ya kukataliwa kwake ikabaki nalo. Humo ndimo mlimokuwa na daftari la kweli la usanifishaji: nani alisema neno hili ni la Kimtang'ata mno, nani alisema lile ni la kihuni, nani alitetea akashindwa.

Nilipata kufanya kazi katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Ilipofika wakati wa kuhamia kwenye kompyuta, maneno yaliyokubaliwa yaliingizwa yote, kwa uangalifu mkubwa. Kadi zikaonekana hazina kazi. Nilirudi kutoka safari nikakuta chumba kimepakwa rangi na kimewekwa meza sita. Niliambiwa kadi zilichukuliwa na mtu wa taka, ila masanduku mawili yalikuwa yamebaki chini ya ngazi kwa kuwa yalikuwa mazito. Hakuna aliyekusudia ubaya. Waliona orodha ya nje imekamilika, wakadhani ndiyo orodha yote.

Masanduku hayo mawili ninayo. Yana herufi K, sehemu ya M, na kwa sababu nisiyoielewa, kadi arobaini na tatu za herufi Z. Yako katika ofisi yangu, ghorofa ya pili, kabati la kushoto. Mwanafunzi yeyote atakayetaka kuyasoma aje Jumanne au Alhamisi asubuhi. Aje na penseli, si kalamu ya wino, na kadi azirudishe kwa mpangilio aliozikuta nao, hata akiona umekosewa.